Kupunguza Matunda Mtini
Mazungumzo kwa wakulima na wanafunzi wa Shinyanga na Geita

Leo nataka kusema nanyi habari za kazi moja ya shamba ambayo watu wengi huiogopa, kwa kuwa machoni inafanana na uharibifu. Kazi hiyo ni kuyaondoa matunda mengine mtini yangali machanga, ili yale yanayobaki yapate kukua vizuri. Mahali pengine duniani kazi hii hufanywa kwa mikono, na mahali pengine hufanywa kwa dawa inayonyunyizwa juu ya miti. Nitazieleza njia zote mbili. Kisha nitasema ipi inatufaa sisi, na kwa sababu gani. Wanafunzi na wawe na kalamu tayari, maana mwisho wa mazungumzo nitawapa kazi ya kupima na kuhesabu.

MATUNDA YA KOKWA

Yako matunda ambayo ndani yake mna kokwa moja ngumu, na ndani ya kokwa mna mbegu. Watu wa Ulaya na Marekani wakitaja matunda ya namna hii, hufikiri kwanza mapichi, ambayo wengine huyaita mafyulisi, kisha plamu, aprikoti na cheri. Miti hiyo ni ya nchi za baridi. Isipopata majuma mengi ya baridi katika mwaka haichanui sawasawa. Kwa hiyo hapa Tanzania tunaikuta milimani: Lushoto katika Usambara, Mgeta katika milima ya Uluguru, na nyanda za juu za Njombe na Mbeya. Shinyanga ni nchi ya joto na ukavu, na mpichi haustawi huko.

Lakini mtu asiseme, "Basi mazungumzo haya hayanihusu." Mwembe nao ni mti wa matunda ya kokwa. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Ukafika pwani yetu zamani sana, na katika karne ya 19 ukafuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji. Leo vijiji vya Usukuma visivyo na mwembe ni vichache. Na katika miaka hii wako wakulima waliopanda miembe mifupi ya kubebesha, ambayo huzaa mapema, ili wauze maembe katika miji ya migodi na katika masoko makubwa. Hao ndio ninaotaka kusema nao hasa.

MTI UNATAKA MBEGU, MKULIMA ANATAKA NYAMA

Majani ni jiko la mti. Hushika nuru ya jua, huchukua hewa, hupokea maji yapandayo kutoka mizizini, na kwa vitu hivyo hupika sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula cha shina, mizizi, matawi na matunda. Jiko likiwa dogo na walaji wakiwa wengi, kila mmoja atapata tonge dogo. Wataalamu wa Marekani walilipima jambo hili katika mapichi tangu zamani. Wakaona kwamba pichi moja yahitaji majani kama 30 hadi 40 ili ifikie ukubwa mzuri. Majani yakiwa machache kuliko hayo kwa kila tunda, pichi hubaki ndogo, hukosa utamu, na rangi yake haipendezi.

Mtu atauliza: Ikiwa ni hivyo, kwa nini mti hujitwisha mzigo usioweza kuubeba? Jibu lake ni kwamba mti haujui habari za soko. Kazi ya mti ni kueneza uzao wake, na kila kokwa ni uzao mmoja. Matunda 100 madogo yana kokwa 100. Matunda 50 makubwa yana kokwa 50 tu. Kwa mti, yale 100 ni ushindi. Kwa mkulima ni kinyume, kwa maana yeye hauzi kokwa, anauza nyama ya tunda. Hapo ndipo nia ya mti na nia ya mkulima zinapoachana njia, na hapo ndipo mkono wa mkulima unapohitajiwa.

Hata hivyo mti haukosi kiasi kabisa. Mtazameni mwembe unapochanua wakati wa kiangazi. Shada moja laweza kuwa na maua mamia, hata maelfu. Lakini hata ua moja katika kila mia halifiki kuwa embe lililoiva. Mengi huanguka bila kushika. Na yaliyoshika, mengi huanguka yakiwa kama punje za mbaazi au kama gololi. Asubuhi mama mwenye shamba hukuta maembe machanga yametapakaa chini, akasikitika, akidhani mti umerogwa au una ugonjwa. Mara nyingi si ugonjwa. Ni mti unaojipunguzia mzigo. Lakini mti huacha kupunguza mapema kuliko apendavyo mkulima, na hayo yanayobaki ndiyo tunayoyazungumza.

Liko na jambo la pili, nalo ni la mwaka unaofuata. Mbegu changa zilizo ndani ya matunda hutoa vitu viitwavyo homoni, ambavyo husafiri ndani ya mti na kuzuia vitumba vya maua ya msimu ujao visifanyike. Tena mti uliozaa kupita kiasi umekwisha kutumia akiba yake yote ya chakula. Ndiyo maana mwembe huzaa sana mwaka mmoja hata matawi yakavunjika, na mwaka wa pili ukasimama mtupu, majani matupu. Mwaka wa wingi, kila mtu ana maembe na bei huanguka. Mwaka wa uhaba, bei ni nzuri lakini wewe huna cha kuuza. Mwenye kupunguza hupunguza pia tofauti hiyo ya miaka, ijapokuwa hawezi kuiondoa yote.

NI LINI TUNDA LAPASWA KUPUNGUZWA

Pichi hukua kwa vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza hukua upesi, na nyama yake hujigawa katika chembe nyingi ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Katika kipindi cha pili tunda kwa nje huonekana kama limesimama, kumbe ndani kokwa inakuwa ngumu, nayo hula chakula kingi. Katika kipindi cha tatu chembe zile hujaa maji na sukari, na tunda hufura mpaka likaiva.

Fikirini maana yake. Idadi ya chembe huamuliwa katika majuma ya kwanza. Tunda lililobanwa na wenzake utotoni lina chembe chache, na hata likipewa nafasi baadaye halitafikia ukubwa wa lile lililopata nafasi mapema. Kadhalika, ukingoja mpaka kokwa zimekuwa ngumu, mti umekwisha kugharimia kokwa zote, hata za matunda utakayoyatupa. Kwa hiyo kanuni ni moja: ondoa mapema, kabla kokwa haijawa ngumu. Anayeondoa kwa kuchelewa amepoteza tunda na chakula pia.

PAMBA IMEKWISHA KUTUFUNDISHA

Katika mashamba ya Usukuma jambo hili si geni. Mkulima wa pamba hutia mbegu kadhaa katika shimo moja, kwa kuwa hajui ipi itaota na ipi itakufa. Baada ya majuma mawili au matatu, ardhi ingali na unyevu, hung'oa miche iliyozidi na kuacha miwili iliyo na nguvu. Kwa nafasi ya zamani ya sentimita 90 kwa 40, miche miwili katika kila shimo ilifanya miche kama 22,222 kwa ekari. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, ambayo wakulima wamehimizwa kuifuata katika miaka ya karibuni, hesabu ni kama 44,444. Nafasi imebadilika na hesabu imebadilika, lakini kanuni ya kuacha miche miwili katika shimo imebaki pale pale.

Hakuna mkulima mwema wa pamba asemaye kwamba mche ung'olewao ni hasara. Ajua kwamba miche mitano ikisongamana katika shimo moja itashindana kwa maji na jua, itakuwa mirefu na myembamba, na vitumba vyake vitakuwa vichache. Tena ajua kwamba akichelewa, mizizi itakuwa imekwisha kusukana, na akivuta mmoja atautikisa na mwenzake. Mambo hayo yote ni kweli kwa maembe mtini. Na mfugaji naye anayo ngitili yake: hulifunga eneo la malisho wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili majani yawepo kiangazi kikali. Ni kujinyima leo kwa kiasi, ili kesho kuwe na kitu. Watu wanaoijua ngitili hawahitaji kufundishwa upya maana ya kupunguza.

JE, NI FAIDA AU HASARA?

Sasa tuseme kweli bila kupamba maneno. Mti uliopunguzwa mara nyingi hautoi kilo nyingi kuliko usiopunguzwa. Pengine kilo hupungua kidogo. Faida yake iko katika ukubwa, utamu, bei, usalama wa matawi, na mavuno ya mwaka ujao. Tufanye mfano wa hesabu, wala si habari ya shamba fulani.

Tuseme mwembe mmoja wa kubebesha una maembe 300, na kila moja lina gramu 200. Jumla ni kilo 60. Mwembe wa pili, wa umri ule ule, umepunguzwa hata yakabaki 150, na kila moja limefikia gramu 350. Jumla ni kilo 52 na nusu. Kwa mizani, mti wa kwanza umeshinda. Sasa twende sokoni. Ikiwa maembe madogo huuzwa matatu kwa shilingi 200, yale 300 yatatoa shilingi 20,000. Ikiwa embe kubwa huuzwa moja kwa shilingi 200, yale 150 yatatoa shilingi 30,000. Mti wa pili umeshinda, na mchumaji amechuma nusu tu ya matunda, na magunia ya kubeba ni machache.

Lakini angalieni: ushindi huo umetoka sokoni, haukutoka mtini. Mahali ambapo mnunuzi hatofautishi embe kubwa na dogo, kupunguza hakuna faida ya fedha. Kwa hiyo kabla hujakata tunda hata moja, nenda kwanza sokoni, tazama maembe makubwa huuzwaje na madogo huuzwaje. Na ule mwembe mkubwa wa dodo, mrefu kuliko nyumba, ambao watoto na wageni hula kivulini mwake, uacheni ulivyo. Hakuna ngazi ya kuufikia, wala hakuna sababu ya kujihatarisha. Kazi hii ni ya miti mifupi iliyopandwa kwa ajili ya kuuza.

Mvua nayo ina neno lake. Mvua ya Shinyanga kwa mwaka ni kama milimita 600 hadi 900, tena haitabiriki. Mti wenye maji kidogo una jiko dogo, kwa maana jani lililonyauka halipiki. Katika mwaka wa ukame, mwembe mchanga uliobeba matunda mengi waweza kudhoofika kabisa. Hapo kupunguza si suala la bei tu; ni kuuokoa mti wenyewe.

KAZI YA MIKONO

Njia ya mikono ndiyo ya zamani, na mpaka leo ndiyo inayotumiwa zaidi katika mashamba ya mapichi duniani. Mfanya kazi hupita tawi kwa tawi, akiacha pichi moja katika kila sentimita 15 hadi 20, yaani kama nafasi ya kiganja kilichofunguliwa. Huondoa kwanza zilizo ndogo, zilizopinda, zilizotobolewa na wadudu, na zilizoota pacha. Kisha hutazama nafasi.

Kwa miembe ya kubebesha, fuateni taratibu hii.

Kwanza, mti uliopandwa mwaka huu au mwaka jana ukichanua, ondoeni mashada yote. Mti huo ni mtoto. Mtoto habebeshwi gunia. Mwacheni ajenge mizizi na matawi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza.

Pili, kwa mti uliokomaa, ngojeni mpaka ule mwanguko wa kwanza wa wenyewe umepita. Maembe yakikaribia ukubwa wa yai la kuku, hesabuni yaliyobaki katika kila shada. Wakulima wanaouza maembe makubwa hubakiza moja, au mawili kama shada lina nguvu na tawi lina majani mengi.

Tatu, kateni kwa mkasi au kisu kikali, mkiacha kikonyo kifupi. Msivute kwa nguvu, maana shada lote laweza kung'oka. Jihadharini na utomvu wake, kwa kuwa huchoma ngozi na macho.

Nne, yale mliyoyaondoa yakiwa safi, yapelekeni nyumbani. Embe changa lina kazi yake katika kachumbari na achari. Yenye wadudu yafukieni chini kwa kina, wala msiyaache shambani, yasije yakalea nzi wa matunda watakaoyashambulia yale mliyoyabakiza.

Kazi hii huchukua saa nyingi. Katika shamba la miti 20, watu wa nyumba moja waweza kuimaliza. Katika shamba la miti 20,000 lazima waajiriwe watu wengi kwa majuma machache tu ya mwaka, na hapo ndipo wenye mashamba makubwa walipoanza kutafuta dawa.

HABARI ZA DAWA ZA KUPUNGUZA

Majaribio ya kwanza makubwa yalifanyika Marekani katika miaka ya 1930, hasa kwa matofaa. Walinyunyiza vitu vikali vya kuunguza maua. Maua yaliyofunguka kwanza, yaliyokwisha kupata mbelewele, yalinusurika. Yaliyofunguka nyuma yaliungua yakaanguka. Dawa moja iliyotumiwa sana iliitwa DNOC. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa sumu kali kwa binadamu, nayo baadaye ikaondolewa katika nchi nyingi. Wengine siku hizi hutumia mbolea iitwayo amonia thiosalfeti kwa kazi hiyo hiyo ya kuunguza maua.

Njia ya pili iligunduliwa kwa namna ya ajabu. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, Burkholder na McCown, walitoa habari za majaribio ya homoni iliyotengenezwa na watu, wakitazamia kwamba itayafanya matofaa yashike mtini kwa wingi zaidi. Matunda yakapungua. Jambo lililokuwa kinyume cha matumaini yao likawa msingi wa kazi mpya. Homoni hiyo hutumiwa kwa kiasi kidogo mno: sehemu kama 10 au 20 katika sehemu milioni moja za maji. Gramu moja katika lita 100 za maji ni sehemu 10 katika milioni. Wachimbaji wa Geita wanaijua gramu moja kwa mizani ya dhahabu. Basi fikirini gramu moja hiyo ikitawanywa katika pipa la lita 100, nayo ikatosha kuuamuru mti uangushe matunda yake. Kwa mapichi, lakini, homoni hiyo haikutegemeka kama kwa matofaa.

Njia ya tatu yahusu hewa iitwayo ethilini. Hii mwaijua bila kulijua jina lake. Watu wanaovumbika ndizi katika shimo na kuzitilia moshi huzifanya ziive upesi, kwa sababu ndani ya moshi mna ethilini, na ndizi zenyewe huitoa. Hewa hiyo hiyo huuambia mti uliachie tunda: kikonyo hulegea mahali pake pa kukatikia, na tunda huanguka. Ziko dawa ambazo zikiingia mtini hutoa ethilini, na katika miaka ya karibuni Marekani imekubali dawa moja ya aina hii kwa ajili ya mapichi, ambayo msingi wake ni kitu ambacho mimea yenyewe hukifanya mwilini mwake kabla ya kutoa ethilini.

Kwa nini basi mapichi mengi ya dunia yangali yanapunguzwa kwa mikono? Kwa sababu dawa haina macho. Mkono wa mtu huliona tunda bovu ukaliondoa, na huliona zuri ukaliacha. Dawa huangusha bila kuchagua. Tena nguvu yake hutegemea joto la siku ile, umri wa maua, afya ya mti na aina yake. Kiasi kile kile kilichofaa mwaka jana chaweza mwaka huu kisiangushe kitu, au kikaangusha yote. Na tunda likiisha kuanguka, hakuna awezaye kulirudisha. Mwenye shamba kubwa hujaribu kwanza kwenye miti michache, huandika kila kitu, na hata hivyo baadaye huwatuma watu wamalizie kwa mikono.

ONYO KWA WATU WA NCHI YA DHAHABU

Ninyi wa Geita na Kahama hamna haja ya kuambiwa kwamba dawa yaweza kufanya kazi yake vizuri na papo hapo ikaua. Mnaijua zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa katika karasha, nayo huishika dhahabu. Kisha huichoma, zebaki ikapanda kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Kazi imefanyika. Lakini mvuke ule huingia mapafuni, hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na mafigo, na humfikia mtoto aliye tumboni mwa mama. Ndiyo sababu mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013 wa kuzuia madhara ya zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Naitaja zebaki kwa kuwa mazoea yake ni yale yale ninayoyahofia shambani: kitu chenye nguvu, kimetiwa katika chupa ya maji ya kunywa, hakina maandishi, kimepimwa kwa kifuniko, na aliyekiuza amesema tu, "Kinafanya kazi." Mtu akisikia mazungumzo haya asiende akachukua dawa ya wadudu wa pamba na kuinyunyiza juu ya maua ya mwembe, akidhani ataangusha matunda yaliyozidi. Atawaua nzi na nyuki wanaoyachavusha maua, akakosa matunda yote. Na sumu ile itabaki mahali ambapo watoto hupanda na kula bila kuosha.

Shikeni basi maneno haya manne. Msinunue dawa isiyo na kibandiko chenye jina lake, kazi yake, kiasi chake na alama ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Msitumie dawa kwa mti usiotajwa katika kibandiko chake. Dawa ya matofaa haikuwa dawa ya maembe kwa kuwa yote ni matunda. Msihamishie dawa katika chupa ya soda au ya maji. Na kabla ya kunyunyiza cho chote, mwulizeni bwana shamba wenu, mkiwa na chombo chenyewe mkononi, apate kusoma kilichoandikwa.

Kwa shamba la miembe 20 au 50, ushauri wangu ni mmoja: mkono na mkasi. Huo haulipiwi dukani, hauchafui kisima, na ukikosea kwa tunda moja, umekosea kwa tunda moja tu.

KAZI YA WANAFUNZI

Nimeahidi kuwapa wanafunzi kazi, nayo ni hii. Waombeni wazazi au mwalimu miti miwili ya aina moja, yenye umri mmoja na ukubwa uliolingana. Kama hamna miti miwili, chagueni matawi manne ya mti mmoja yanayolingana unene. Fungeni kamba nyekundu kwenye yale mtakayoyapunguza, na kamba nyeupe kwenye yale mtakayoyaacha. Andikeni tarehe. Hesabuni matunda kabla na baada. Kisha kila juma pimeni matunda kumi ya kila upande kwa kuyazungushia uzi, na mwandike urefu wa uzi.

Siku ya kuchuma, pimeni uzito wa kila upande kwa mizani ile ile. Hesabuni mangapi ni makubwa na mangapi ni madogo. Wapeni watu watano waonje bila kuwaambia yametoka upande gani, mkaandike wanavyosema. Mwishoni nendeni sokoni na vikapu viwili, mjue bei ya kila kimoja. Na mwaka utakaofuata rudini kwenye miti ile ile mtazame ipi imechanua zaidi; msiache sehemu hii, maana wengi husahau kwamba mavuno ya mwaka huu hula pia maua ya mwaka ujao.

Mkiisha kufanya hivyo, hamtahitaji kuniamini mimi, wala kumwamini muuza dawa. Mtakuwa na daftari, na ndani yake hesabu za mti wenu, udongo wenu na mvua yenu. Wazee wakiwauliza kwa nini mmekata maembe mabichi, mtawafungulia daftari na kuwasomea. Na ikiwa hesabu zitaonyesha kwamba katika shamba lenu kupunguza hakukuleta faida, wasomeeni hivyo hivyo.

Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Mwembe hauijui methali hiyo. Ni juu ya mwenye mwembe kuikumbuka kwa niaba yake, mapema, wakati tunda lingali dogo kama yai.